Gakwaya Mbele ya Hakimu

Mimi ni mtengeneza fromaji, jibini ya vilima vyetu, na nasema hivyo kwanza ili ijulikane kwamba ninapomsifu mtu kwa maziwa yake, sifanyi hivyo kwa adabu tu. Maziwa yaliyotiwa maji hayagandi sawasawa, kazi ya siku nzima inaharibika, na hasira zangu ziko karibu. Katika vilima vyetu vya Masisi hakuna mchungaji ambaye sijawahi kumgombeza mlangoni kwangu, isipokuwa Gakwaya. Alikuwa akishusha bido yake, dumu la maziwa, asubuhi, anangoja niionje, anasema "Aksanti, Papa Callixte," kana kwamba mimi ndiye niliyemletea kitu, kisha anarudi kwa ng'ombe wake.

Hakuwa mtu wa maneno. Na watu aliongea kidogo, na ng'ombe aliongea sana. Ukimpita malishoni ungedhani ana wageni. Maneno ya nyumba nzima alikuwa nayo mkewe, Nyiramana. Yeye ndiye aliyebishana nami juu ya maziwa, na yeye ndiye aliyemwambia padri kwa mdomo wake kwamba mahubiri yamekuwa marefu. Walizaa watoto, wengi wakafa wadogo, akabaki Umuhoza peke yake, ambaye walimwoza kwa Déo, mtoto wa mama Bénédicte. Mama huyo ndiye muuguzi wa kituo chetu cha afya. Mkumbuke huyo muuguzi, maana bila yeye habari hii haieleweki.

Gakwaya alikuwa na ugonjwa wa ngiri. Naitaja waziwazi kwa kuwa sasa haiwezi tena kumtia aibu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuitaja. Nilijua kwa bahati mbaya. Asubuhi moja ya mvua aliteleza mlangoni kwangu, bido ikamtoka, naye badala ya kuiokota akageukia ukuta, akainama, akabonyeza kitu kwa kiganja chini ya tumbo mpaka kikarudi ndani. "Ni mugongo," akaniambia. Mgongo! Nilimuuliza Nyiramana, naye akaniambia kwamba mumewe hujifunga kitambaa kiunoni kila siku, na kwamba daktari wa hospitali kubwa alishamwambia upasuaji wake ni mdogo. Lakini mwaka mmoja kulikuwa na ng'ombe wa kuzaa, mwaka mwingine barabara ilifungwa kwa risasi, na mambo yakawa hivyo hivyo. Watu wa ng'ombe ni watu wa heshima mno, na heshima yao wanaitunza chini ya nguo.

Sasa nieleze ng'ombe aliyemfikisha kifungoni.

Zamani kulikuwa na mzee Makuza, mwenye ng'ombe wengi kuliko malisho. Alimpa Gakwaya wachache awachunge, kwa desturi tunayoijua sote: mchungaji anakamua, anakunywa na kuuza maziwa, na baada ya uzao kadhaa mwenye mali humpa mtamba mmoja awe wake kabisa. Makuza alimpa mtamba wa kahawia. Alimpa mchana, malishoni, mbele ya watu, na mimi nilikuwepo. Baadaye Gakwaya akapeleka pombe ya mtama nyumbani kwa Makuza kumshukuru, tukanywa, tukaimba mpaka wake zetu wakatutafuta. Kuanzia siku hiyo Gakwaya alikuwa akiapa kwa jina la mzee. Akijikwaa kwenye jiwe: "Makuza aliyenipa ng'ombe!" Akishangaa jambo: "Makuza aliyenipa ng'ombe!" Kwa watu hao hicho si kiapo cha mchezo. Mtu haapi kwa jina la aliyemwibia.

Makuza akafa. Mtoto wake, Gisa, alikuwa Rubaya, akinunua na kuuza mawe ya koltani, na alipoona vita vinakaribia akapanda huku kukusanya ng'ombe wa baba yake awauze kabla wengine hawajawala. Simlaumu kwa hilo. Alimkuta yule wa kahawia, sasa mama mwenye ndama, amenona vizuri.

"Hii ngombe ni ya papa," akasema.

"Ilikuwa ya papa yako," Gakwaya akajibu. "Alinipatia. Bantu balikuwa pale."

"Karatasi iko wapi?"

Gakwaya akacheka. Nadhani ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akicheka. "Karatasi ya ngombe?" akauliza. "Tangu lini?"

Zamani wazee wangeketi, tungeitwa tuliokunywa ile pombe, na jambo lingekwisha kabla ya jua kuchwa. Lakini ulikuwa wakati wa eta de sieji, utawala wa kijeshi, na makosa ya raia yalikuwa yamepelekwa kwa mahakimu wa kijeshi. Gisa akaenda kwa polisi. Akasema wizi wa ng'ombe, na ili uzito uongezeke mtu fulani akaongeza kwenye maelezo kwamba Gakwaya anawapa maziwa watu wenye silaha porini. Hapa kwetu nani hajawapa? Wanakuja na bunduki, wanaomba maziwa. Wewe ungesema umeishiwa?

Polisi walipokuja, Gakwaya alimkabidhi mkewe kamba ya ndama akamwambia akamue, yeye atarudi jioni. Alikwenda kwa miguu yake, mbele ya polisi, kama anayewaonyesha njia.

Jina la kituo chetu cha polisi silitaji. Anayekijua anakijua, na kashoti yake, chumba cha mahabusu, haina tofauti na nyingine. Ni chumba cha mbao chenye sakafu ya udongo na dirisha dogo kiasi cha kupitisha sahani. Wafungwa hulala kwa zamu kwa kuwa hawaenei wote chini. Haja wanafanyia ndani ya bido iliyokatwa mdomo. Serikali haiwalishi: asiyekuwa na mke, mama ao dada wa kumletea bugali anakula huruma ya wenzake. Na nje, ukutani, kwenye kivuli cha paa, imebandikwa picha kubwa nzuri ya rangi, iliyoletwa na watu wa shirika moja. Inasema, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwamba Katiba, kifungu cha kumi na nane, haikubali mtu akae mikononi mwa polisi zaidi ya masaa arobaini na nane bila kufikishwa mbele ya mkuu wa sheria. Inasema pia kwamba mfungwa atatunzwa kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake na heshima yake. Chini wamechora mfungwa anayetabasamu.

Mkuu wa kituo, Védaste, aliijua picha hiyo kwa moyo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu ningependa kuwa na mtu mbaya wa kumchukia. Alikuwa mtu mwoga. Mshahara wake ulichelewa, wakubwa wake walikuwa mbali, na kila alichofikiri kilianza na swali moja: kesho nani ataniuliza?

Masaa arobaini na nane yakapita, na juma, na mwezi, na msimu wa maharagi ukaisha. Dosie ya Gakwaya, faili lake, ilipanda Goma. Huko ofisi moja ikasema ni jambo la wanajeshi, nyingine ikasema wizi wa ng'ombe ni wa raia, na kila mtu akawa anangoja mwenzake. Hakuna aliyemhoji tena. Hakuna aliyeniita mimi wala wale wengine tulioimba siku ya pombe. Nilikwenda mwenyewe kwa Védaste nikamwambia, nilikuwepo, niandike. Akaniambia dosie haiko hapa, ataandika wapi?

Gakwaya hakuomba kuachiliwa. Alitaka kitu kimoja: kuitwa. Kusimama mbele ya hakimu, watu wakisikia, aeleze ng'ombe yule alivyofika mikononi mwake, na hakimu aseme kwamba hakuiba. Nilipompelekea kipande cha fromaji, ambacho Védaste alionja kwanza upande mkubwa, nilikaa chini ya lile dirisha nikamsikia akipanga maneno yake.

"Nitaanza na papa ya Makuza," aliniambia kutoka ndani. "Ao nianze na siku ya pombe?"

"Anza na siku ya pombe," nikasema. "Hakimu hana muda."

"Hapana. Akikosa kujua mwanzo, hatajua mwisho."

Mwaka mzima karibu alikuwa na muda wa kupanga.

Humo ndani moshi wa polisi wanaopikia ukutani uliingia kutwa, akaanza kukohoa, na kila alipokohoa ngiri ilitoka. Kitambaa chake cha kujifunga walikuwa wamemnyang'anya siku ya kwanza pamoja na mkanda, asije akajinyonga. Aliishika kwa mkono. Nyiramana alikuja kila siku na bugali, sombe ya majani ya muhogo, na mashanza, maziwa yaliyoganda, akamwangalia kupitia dirishani, akaona mkono ule hauondoki chini ya tumbo.

"Mumupeleke hospitali," akamwambia Védaste. "Muko munamuona."

"Nikimutoa akikimbia, batanifunga miye ndani ya nafasi yake."

"Akimbie na nini? Hata kusimama anashindwa."

"Leta ruhusa ya mukubwa."

Mkubwa alikuwa Goma. Nyiramana alikwenda Goma, kwa pikipiki na kwa miguu, akarudi na ahadi.

Hapo ndipo mama Bénédicte alipofanya ambacho wengine hawakufanya. Alipigana na kila ofisi mpaka akaruhusiwa kuingia kashoti kuwaangalia wafungwa wote. Nyiramana alifurahi kiasi cha kuniletea maziwa bila kubishana. Muuguzi anaingia! Na muuguzi mwenyewe ni wa nyumbani!

Siku ile waliwatoa wafungwa uani, wakawapanga kwenye mstari, jua likiwatoa machozi. Tulikuwa nje ya uzio, mimi na Nyiramana na wengine wenye sahani zetu, tunaona yote. Bénédicte alipita kwa kila mmoja na kijana wa polisi nyuma yake. Akatazama macho, akabonyeza matumbo, akauliza. Mmoja akaonyesha vidonda, mwingine akakohoa mbele yake. Akafika kwa Gakwaya.

Bénédicte alikuwa bamwana wake. Ndivyo wanavyoitana wazazi wa mume na wazazi wa mke, na kati ya bamwana kuna heshima ambayo sisi wakulima tunaitania lakini tunaiogopa. Bamwana haketi nawe mkeka mmoja. Hathubutu kula mbele yako mpaka akashiba. Mambo ya mwili, hasa ya chini ya kiuno, hayatajwi mbele yake hata kwa mafumbo, na mwanamume akikosea akayataja, aibu inakwenda mpaka kwa binti yake huko alikoolewa.

Gakwaya aliondoa mkono wake tumboni. Nilimwona. Akasimama wima, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa majuma, na jasho likamshuka shingoni.

"Uko namna gani, bamwana?" Bénédicte akauliza, macho chini.

"Niko muzuri, bamwana. Batoto banaendelea?"

"Banaendelea. Hakuna kwenye unasikia maumivu?"

"Hapana. Kikohozi tu."

Bénédicte akamshika paji la uso, akampa vidonge vya kikohozi na dawa ya minyoo, akasita kidogo. Naye alikuwa na heshima yake. Akapita kwa mwingine.

Nyiramana alipiga uzio kwa viganja viwili. Walipomrudisha mumewe ndani, alikimbilia dirishani. "Juu ya nini hukumuambia?"

"Ningemuambia namna gani?" Gakwaya akajibu. "Ni bamwana."

Nilikasirika, na hasira ile haijaniisha. Kwanza nilimkasirikia yeye. Kisha nikafikiri: watu wa sheria wakija kutufundisha husema mfungwa ana haki ya kuonwa na muuguzi. Haya, Gakwaya alionwa. Alionwa uani, mbele ya polisi, mbele ya wafungwa, mbele ya majirani wenye sahani, na aliyemwona ni mama wa mkwewe. Hakuna aliyewaza kwamba mgonjwa anahitaji mlango wa kufunga, na mwanamume wa kumwambia la mwanamume. Katika ile picha ukutani neno heshima limeandikwa kwa herufi kubwa kabisa.

Nyiramana hakuwaza sana. Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa Bénédicte, akamkuta anapepeta maharagi, akavunja heshima yote kwa pigo moja.

"Mume wangu iko na erni, ngiri. Inatoka, na sasa kuirudisha ni taabu. Alikudanganya juu uko bamwana."

Bénédicte aliweka ungo chini. Déo ndiye aliyenisimulia, anasema mama yake alijifunika uso kwa kitenge, kisha akasema, "Nilimuona jasho. Nilijua iko kitu. Miye pia nilipata haya." Halafu akainuka, akaandika karatasi ya kumhamishia hospitali kubwa, akaenda nayo kwa Védaste akiwa bado na makapi ya maharagi nguoni. Alimweleza kwamba ngiri ya namna hiyo ikibanwa, utumbo unakufa, na mtu anakufa nao kwa siku chache. Alimsomea picha ya ukutani kwa sauti, neno kwa neno.

"Sheria ninaijua, mama," Védaste akasema. "Nipatie sinyatire, sahihi ya mukubwa. Na bale ba mahakama banakuya hapa juma hii. Hakimu mwenyewe atamuona, atamutuma hospitali, na kila muntu atakuwa na amani."

Ilikuwa kweli. Mahakama ilikuwa imetangaza kwamba itatoka Goma ije kuhukumu kesi hapa kwetu, kwenye ukumbi wa parokia. Gisa aliambiwa afike. Mimi niliambiwa nifike. Gakwaya aliposikia alimwomba mkewe amletee shati safi. Basi tukangoja hakimu, sote, hata Bénédicte ambaye alijua hatari ya kungoja.

Ngiri haikungoja. Kabla hakimu hajafika ilitoka ikakataa kurudi. Tumbo likajaa, likawa gumu, akaanza kutapika, na wenzake humo ndani wakapiga mbao wakipaza sauti hata majirani wakasikia. Védaste alipiga simu Goma, mtandao haukuwepo. Asubuhi ya mahakama alifungua mlango, akamtazama Gakwaya chini kwenye matapishi, na sasa lile swali lake, nani ataniuliza, likawa na jibu: hakimu, yuko barabarani, anaingia.

"Mumubebe," akatuambia tuliokuwa nje na sahani zetu, akiwa na haraka. "Mumupeleke hospitali. Nimemuachilia."

"Sinyatire?" Nyiramana akauliza.

Védaste akausukuma mlango uwe wazi kabisa. Tulileta tipoyi, machela yetu ya miti miwili na blanketi, tukamlaza. Tulikuwa wanne: mimi, Déo na vijana wawili wa mtaa. Nyiramana alimvalisha lile shati juu ya uchafu.

Penye njia panda tulisimama. Kushoto, karibu tu, ulikuwa ukumbi wa parokia, na magari ya mahakama yalikuwa yanageuzwa uwanjani. Kulia ni njia ya hospitali, kilima kwa kilima, nusu siku kwa tipoyi ikiwa matope yamekuwa na huruma. Gakwaya akashika mti wa tipoyi.

"Kwa hakimu," akasema.

"Hospitali kwanza," Nyiramana akasema.

"Hapana. Niitwe kwanza. Nikienda batasema nilikimbia. Ni mwizi njo anakimbia."

"Utakufa."

"Niitwe, halafu munipeleke. Haiko mbali. Mama Umuhoza, nakuomba."

Katika maisha yao yote sidhani alikuwa amemwomba kitu mbele za watu. Nyiramana alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akainama, akavifungua vidole vya mumewe kwenye mti ule, kimoja kimoja, akaviweka kifuani pake, akatuambia, "Hospitali." Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Gakwaya aligeuza uso wake upande wa ukumbi mpaka miti ikauficha.

Alikufa tukiteremka kwenye kijito, kabla hata hatujafika nusu. Déo, aliyekuwa nyuma upande wa kichwa, akasema tu, "Tusimame." Tukamweka chini kwenye majani. Nyiramana alimshika shingoni, kifuani, puani. Akamfumba macho.

"Mumugeuze," akasema.

Tulidhani nyumbani. Déo akaanza kusema habari ya kumtuma mtu mbele akawaite wanawake.

"Kwa hakimu," Nyiramana akasema. "Aliniomba, nikamukatalia."

Hapa kwetu maiti akiwa na madai hubebwa mpaka kwa anayedaiwa. Si jambo geni, na polisi wanaliogopa kuliko mawe. Tulipanda tena vilima vile vile. Watu waliotuona wakiwa mashambani waliacha majembe wakafuata, hata tulipoingia uwanja wa parokia tulikuwa umati, na askari wa mlangoni akatupisha bila kuuliza.

Hakimu alikuwa ameketi kwenye meza ya katekista, sare ya jeshi, karani ubavuni, Védaste amesimama kando. Gisa alikuwa benchi la mbele, viatu vyake safi. Tulimweka Gakwaya chini, mbele ya meza.

"Mama, hii ni nini?" hakimu akauliza.

"Huyu njo Gakwaya. Mulisema ataletwa mbele ya hakimu. Nimemuleta."

Hakimu aliinuka, akavua kofia. Sina neno baya juu yake. Alimtazama maiti, akamwambia karani atoe dosie. Karani akapekua rundo lake mara moja, akapekua tena.

"Haiko, mon Presida," akamwambia hakimu. "Dosie ya uyu ingali Goma. Haiko kwenye programu ya leo."

Nyiramana akamgeukia. "Kama tungemuleta asubuhi, mungemuita?"

"Hapana, mama," karani akasema, na naamini alisema polepole kwa kumhurumia.

Hakimu akamwuliza Védaste kama mtu huyu amefia mikononi mwake. Védaste akasimama wima, akajibu kwa sauti ya kazini kwamba hapana: asubuhi alimwachilia, akatoka hai, huru, mbele ya mashahidi. Akatuonyesha sisi. Na sisi wabebaji tukatazamana, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Basi sema hakuiba," Nyiramana akamwambia hakimu. "Bantu bote banasikia. Sema tu ile neno, nimuzike."

"Mama, siwezi," hakimu akajibu. "Kesi ya muntu inakufa pamoja na ye. Siwezi kusema aliiba, siwezi kusema hakuiba. Sheria hainipatie njia."

Ndipo Gisa alipoinuka. Hakumtazama hakimu, alimtazama Gakwaya na lile shati.

"Papa alimupatia," akasema. "Ile ngombe alimupatia. Nilikuwa najua, nilisikiaka akiapa kwa jina ya papa tangu niko mutoto. Nilitaka tu bamufunge siku mbili, aogope, aniachie niuzishe. Siku mbili. Banasemaka sheria ni siku mbili."

Ukumbi mzima ulisikia. Mimi nilikuwa karibu naye kiasi kwamba ningeweza kumpiga, na mkono wangu uliinuka, na Déo akaushika. Karani alikuwa amekwisha kuchukua kalamu na karatasi safi, anaandika jina la Gisa juu.

"Usiandike," hakimu akamwambia taratibu. "Hakuna dosie ya kuiweka."

Nyiramana alikuwa anaangalia mkono wa karani. Aliuangalia mpaka kalamu ikafungwa kifuniko chake, na ile karatasi safi ikarudi chini ya nyingine. Halafu akapiga magoti, akanyoosha kola ya shati la mumewe, akatuambia tunyanyue.